Barua ya wazi kwa kamati ya chama chetu kuhusu tovuti mpya na jina lake

Mheshimiwa mwenyekiti, katibu, mweka hazina na wanakamati wote wa chama chetu cha akiba na mikopo,

Assalaam aleikum, na wasioitikia salamu hiyo nawaambia hamjambo. Jina la chama silitaji. Wanachama twajuana, na asiye mwanachama hana la kufaidi kwa kuchungulia nyumba isiyo yake.

Kabla sijafika mbali, kuna jambo niliseme mwenyewe msije mkalisikia kwa watu. Mimi nina saiba, duka la kompyuta na intaneti, hapa Majengo, Mombasa, na tovuti ya chama chetu ndiyo inayonilisha. Mwanachama akishindwa kuomba mkopo kwa simu yake huja kwangu, namjazia fomu, namtoza shilingi 100. Akisahau paswadi, 50. Ikikaribia mwezi wa shule kufunguliwa, foleni hutoka nje mpaka kwa muuza kahawa. Kwa hiyo barua hii naiandika kinyume na mfuko wangu, na mke wangu ameshaniuliza kama nimelala vizuri.

Nimesikia kwamba kwenye mkutano mkuu mtatuletea majina matatu ya anwani mpya ya tovuti tuyapigie kura kwa kuinua mikono, na kwamba fundi ameshapokea malipo ya kwanza. Nikingoja siku ya mkutano nitapewa dakika mbili, halafu chakula kitaletwa. Ndiyo nikaona niandike.

Nianze na jina. Anwani tuliyo nayo ni jina la kwenye cheti lilivyo, neno kwa neno: maneno sita, herufi 41, vistari vitano katikati. Kanuni hatujaivunja, maana kati ya nukta na nukta mtu anaruhusiwa kujaza mpaka herufi 63. Lakini mfumo huu wa majina alioubuni Paul Mockapetris mwaka 1983 ulikuja ili binadamu wasihangaike na tarakimu ambazo kompyuta hutumia kutafutana. Sasa jina likiwa gumu kuliko tarakimu, si heri tupewe tarakimu? Khalati wetu, muuza mahamri, ana watoto saba na namba za simu zao zote anazo kichwani. Anwani ya chama hana.

Wanakamati, nyinyi hufika kwenye tovuti kwa kubofya ile linki iliyo kwenye barua pepe zenu. Mwanachama wa kawaida haifikii hivyo. Yeye huambiwa kwa mdomo. Huambiwa akiwa soko la Kongowea mikono imejaa nyanya, au kwa simu, au na jirani yake kwenye matatu. Wiki iliyopita dereva mmoja wa tuktuk alinipigia akiwa kwenye feri ya Likoni.

"Kaka, nitajie ile anwani."

Nikamtajia neno la kwanza. "Halafu kistari."

"Kistari kipi, cha juu au cha chini?"

"Cha katikati."

"Cha katikati ndicho kipi?"

Nikataka kumweleza. Feri ikapiga honi. Nikarudia, akaniuliza kama hilo neno la tatu ni moja au ni mawili. Mwisho akasema, "Wacha, nitapita kwako jioni." Akapita, nikapata shilingi zangu 100. Namshukuru Mungu kwa riziki, lakini ile pesa ilikuwa ya petroli ya mtu.

Basi mimi jina la tovuti nalipima hivi: litamkwe mara moja kwenye feri, na aliye upande wa pili aliandike bila kuuliza swali. Tuyapitishe hapo majina yenu matatu.

La kwanza ni herufi nne za mkato. Ni fupi, nakubali. Lakini katika mji huu mtu akikutajia herufi moja moja hujui anakutajia za darasani kwa Kiingereza au za Kiswahili. Akisema "i", je, ni ile i yetu, au ni e ya Kiingereza? Akisema "e", ni e yetu au ni a yao? Herufi mbili kati ya hizo nne zina balaa hiyo. Katibu mwenyewe, kwa heshima zote, kwenye notisi ya mkutano iliyobandikwa ofisini ameandika B mahali pa P.

La pili lina neno ng'ambo ndani yake. Neno ni zuri, lina historia na wanachama wa Likoni walifurahi. Tatizo ni ile ritifaa, yaani alama ya ' iliyo baada ya ng. Anwani ya intaneti hupokea herufi za a mpaka z, tarakimu na kistari tu. Ritifaa haipokelewi, kwa hiyo mtaandika "ngambo", ambalo kwa Mswahili ni sauti nyingine kabisa, kama vile mtu aandike ngombe akitaka ng'ombe. Aliyefunzwa kuandika vizuri ataweka ritifaa na kuambiwa anwani haipo. Asiyejua kuandika ndiye atakayefika. Sijui kama hiyo ndiyo zawadi tunayotaka kumpa mwalimu mstaafu.

La tatu lina neno njia. Hili nililipenda mpaka nilipomsikia mzee mmoja wa Mji wa Kale akimwelekeza mjukuu wake: "Andika ndia." Mzee hajakosea. Kimvita ndivyo kilivyo, ndia ni njia na nde ni nje. Anajua fika linavyoandikwa vitabuni, ila mdomo wake husema d, na kidole cha mjukuu hufuata mdomo wa babu. Mkilipitisha jina hilo, basi mnunue na lile la d, yote mawili yaelekee mahali pamoja. Gharama yake kwa mwaka haifikii posho ya kikao kimoja cha wanakamati.

Kuna pia ile tabia ya kubandika maneno pamoja kwa kuwa nafasi hairuhusiwi. Nilipendekezewa na kijana mmoja tuite ukurasa wa kukagua salio "hakikisha". Nikaliandika kwenye karatasi kwa herufi kubwa, nikamwonyesha mteja. Akasoma pole pole: "Haki... kisha?" Nikalitia karatasi kwenye pipa.

Mkiniuliza langu, ningesema kibubu. Silabi tatu, kila konsonanti na irabu yake, halina ng', halina ch, halina kistari, na hakuna mtoto wa Pwani asiyejua kibubu ni kile chungu cha kuwekea akiba. Kama limeshachukuliwa, tutafute jingine la namna hiyo. Mwisho wake uwe .co.ke. Najua kuna .or.ke kwa mashirika yasiyo ya biashara, najua hata .ke tupu inauzwa siku hizi na ni fupi zaidi. Lakini vidole vya watu vimeshazoea. Nimeona wateja wangu wakipewa anwani inayoishia .ke tupu, wanaongeza "co" wenyewe kwa kudhani aliyewapa amesahau.

Mafundi wengine huita jina la tovuti kikoa. Neno hilo nalipenda, kwa sababu huku kwetu kikoa ni kile chakula cha kula pamoja, leo anapika huyu, kesho yule. Ila kwenye kikoa lazima ijulikane leo ni zamu ya nani, na hapo ndipo chama chetu kilipolala na njaa.

Wanachama wengi hawajui kwa nini mwaka jana tovuti ilizimika siku tisa. Waliambiwa ni "matengenezo". Hayakuwa matengenezo. Kijana aliyetutengenezea tovuti ya kwanza alisajili jina kwa barua pepe yake binafsi. Kijana akapata kazi Qatar, akaenda zake, hana kosa. Jina la tovuti hulipiwa kila mwaka, na msajili, yaani kampuni inayosajili majina ya tovuti, hutuma ukumbusho kabla ya siku kufika. Ukumbusho ukaenda kwenye barua pepe ambayo kijana haisomi tena. Siku ikapita, jina likazimwa, na barua pepe za ofisi zikafa nalo, maana zote zinaegemea jina hilo hilo. Tulibahatika kuwa kuna muda wa kulikomboa kabla halijarudishwa sokoni. Lingerudi sokoni, yeyote angelinunua, akaweka ukurasa unaofanana na wetu, na wanachama wangemwandikia paswadi zao kwa mkono mkunjufu.

Msione haya sana. Microsoft waliwahi kusahau kulipia passport.com, Desemba 1999, watu wakashindwa kuingia kwenye barua pepe zao za Hotmail, mpaka mtu baki alipolipa dola 35 kutoka mfukoni mwake. Lakini Microsoft ni Microsoft. Sisi tuandike kwenye kumbukumbu za kikao: jina limesajiliwa kwa jina la chama, kwa barua pepe ya ofisi isiyotegemea jina hilo hilo, wanakamati wawili wanayo paswadi ya akaunti ya msajili, na limelipiwa miaka kadhaa mbele. Fundi asiwe mwenye jina. Fundi wa mlango haondoki na hati ya nyumba.

Na ile anwani ya zamani, yenye vistari vyake vitano, msiitupe. Imechapishwa kwenye vitabu vya akiba, kwenye fulana za siku ya wanachama, na nyuma ya tuktuk sijui ngapi. Iendelee kulipiwa, na kila anayeiandika apelekwe kwenye mpya bila kuulizwa.

Jambo la wezi naligusa kidogo tu. Andikeni rnombasa kwa herufi ndogo, muitazame kwenye simu. Hiyo si m, ni r na n zimekaa karibu. Kwenye kioo kilichopasuka hata mimi sioni tofauti. Jina fupi linalojulikana na kila mtu humsaidia mwanachama kushtuka. Refu halimsaidii, maana hata la kweli hulisoma nusu.

Sasa tovuti yenyewe.

Mwaka 2009 nyaya mbili za intaneti zilizopita chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilitua hapa hapa Mombasa. Mwaka uliofuata ikaja EASSy. Intaneti ya watu wa Nairobi na Kampala kwa sehemu kubwa hupita mlangoni kwetu kwanza. Halafu ukurasa wetu wa mbele hufunguka pole pole kama mlango wa ghala lililofungwa tangu jana, kwa sababu umebeba picha sita za wanakamati mkiwa na suti, zinazobadilishana. Nilizipima. Moja peke yake ina MB 7, kama ilivyotoka kwenye kamera. Mwenye bando la leo tu anaimaliza nusu kabla hajaona mahali pa kuingilia. Picha hiyo ikipunguzwa kwa programu ya bure ingekuwa chini ya KB 200 na suti zenu zingeonekana vile vile.

Halafu, mheshimiwa mwenyekiti, hakuna anayekuja kuangalia suti. Wanaokuja kwangu wanataka mambo matatu: salio langu ni kiasi gani, mkopo nitaombaje, na ofisi nitaipigia kwa namba gani. Hayo matatu ndiyo yawe juu kabisa, makubwa, kwa Kiswahili. Dira na maadili ya msingi yashuke chini huko, anayeyataka atayafuata. Waingereza walipofungua tovuti yao moja ya serikali, GOV.UK, Oktoba 2012, kanuni ya kwanza ya waliojenga ilikuwa kuanza na haja ya mtumiaji. Serikali nzima iliweza. Sisi tuna fomu tatu tu.

Nimesema kwa Kiswahili. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinakiita lugha ya taifa na tena lugha rasmi, lakini tovuti ya chama ambacho vikao vyake vyote ni vya Kiswahili imeandikwa Kiingereza kitupu, hata salamu.

Niwapeleke karibu kidogo mwone. Jumatatu moja Khalati alikuja na simu yake baada ya kumaliza mahamri ya asubuhi, unga bado kwenye kucha. Alitaka kuomba mkopo wa karai jipya na mtungi wa gesi. Nikamwambia leo sigusi, jaza mwenyewe, mimi nitatazama tu.

Maandishi ni ya kijivu juu ya nyeupe. Akasogea kivulini, akaishika simu mbali, akaileta karibu. Miongozo ya kimataifa ya tovuti inataka maandishi ya kawaida yatofautiane na usuli wake kwa angalau 4.5 kwa 1. Yetu hayafiki hapo hata kwa jicho langu, sembuse jicho lenye mtoto wa jicho.

Akafika kwenye tarehe ya kuzaliwa. Fomu haikubali kuandikiwa. Hufungua kalenda ya mwezi huu, na mshale wa kurudi mwezi mmoja nyuma. Khalati amezaliwa 1958. Piga hesabu: miezi 12 kwa kila mwaka, ni kubofya zaidi ya mara 780. Alianza, Wallahi. Alirudi nyuma kwa subira mpaka 2011, kidole kikateleza, kalenda ikajifunga na kurudi mwezi huu. Hakusema kitu. Alivuta leso akajifuta jasho, akaanza tena, nami nikashindwa kuvumilia nikaichukua simu.

Namba ya simu nayo ikakataliwa. Mwanawe alimnunulia laini inayoanza na 01. Namba hizo zilianza kutolewa 2019, lakini fundi wetu anajua za 07 tu. Yakatokea maandishi mekundu ya Kiingereza kwamba alichoingiza si sahihi. Kipi? Hayakusema. Na kosa hilo moja likafuta fomu nzima, tukarudi 1958.

Khalati akaniuliza, "Mwanangu, kwani mimi nimekosa nini?"

Hapo ndipo nilipoamua kuandika. Yeye alidhani kosa ni lake.

Haya yote ni ya siku moja kwa fundi. Tarehe iandikwe kwa visanduku vitatu: siku, mwezi, mwaka. Namba ipokelewe ikianza na 07, 01 au +254. Kosa lielezwe kwa Kiswahili, pale pale lilipo, na yaliyojazwa yabaki. Stima ikikatika mtu aikute fomu yake alipoiachia.

Na kabla ya kumlipa fundi malipo ya mwisho, msiijaribu wenyewe mkiwa ofisini na Wi-Fi. Iteni watu watano. Jakob Nielsen, mtaalamu wa mambo haya, aliandika mwaka 2000 kwamba kumtazama mtumiaji mmoja mmoja mpaka watano hufichua yapata asilimia 85 ya kasoro za tovuti. Watano mimi nawaleta: dereva wa tuktuk, mama wa samaki, fundi cherehani, yule mwalimu mstaafu, na Khalati. Kila mmoja na simu yake mwenyewe. Mpeni kazi moja, aangalie salio, basi. Fundi akae nyuma, mikono mifukoni, mdomo ufungwe. Hilo la mdomo litamshinda, najua mafundi.

La mwisho ni zito, na nimelichelewesha kwa sababu linanihusu.

Tovuti yetu humlazimisha mwanachama kubadilisha paswadi kila siku 30, iwe na herufi kubwa, tarakimu na alama, isifanane na za nyuma. Mlikusudia usalama. NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ilitoa mwongozo mwaka 2017 ikisema watu wasilazimishwe kubadilisha paswadi kila baada ya muda fulani kama hakuna dalili ya kuvuja. Sababu yake naijua bila kusoma. Mtu akichoshwa hutafuta njia ya mkato, na njia ya mkato ya wanachama wenu ni mimi. "Niwekee wewe, nitasahau." Nilikataa mwanzo. Halafu mtu anakuja na mtoto amerudishwa nyumbani kwa karo, unakataaje? Leo kwenye droo yangu kuna daftari la bluu. Ndani yake mna majina ya wanachama, namba za vitambulisho na paswadi zao, kwa mwandiko wangu.

Sijachukua senti ya mtu, na Mungu ni shahidi. Lakini saiba yangu ina kufuli moja la kawaida na kijana wa zamu ya usiku niliyemwajiri miezi miwili iliyopita. Mmefunga mlango wa mbele kwa makomeo kumi, na funguo zote mkaniachia mimi niliye nje. Kama nimevunja sheria ya ulinzi wa data ya 2019, niambieni. Nikilichoma leo, kesho wanachama wengi hawataingia kwenye akaunti zao.

Daftari liko droo ya pili, na ufunguo nimeuvaa shingoni tangu Ijumaa. Kabla ya mkutano mkuu naomba mmoja wenu aje, aketi, anywe kahawa, aniambie nilifanyeje.

Mwanachama wenu,
mwenye saiba, Majengo